Umenunua hardtop iliyochoka? Servisi ya kuanzia, hatua kwa hatua

Kila mradi unapofungwa, au kampuni ya utalii inapobadilisha magari yake, Land Cruiser hardtop kadhaa huingia sokoni. Haipiti muda maswali yanaanza, na ni yaleyale: "Nimeichukua ina kilomita laki nne, nianzie wapi?" "Nikibadilisha oili si inatosha?" "Muuzaji kasema taiming belti ni mpya, nimwamini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo majibu yote nayaweka hapa.

Ninazungumzia Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ: dizeli ya silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haina turbo, gia za mkono. Ndizo HZJ75 za zamani zenye springi za majani mbele na nyuma, na HZJ78 na 79 zilizozifuata mwaka 1999 zikiwa na springi za koili mbele. Kama lako ni Prado au Patrol, utaratibu huu utakufaa, lakini vipimo vichukue kwenye kitabu cha gari lako.

Msimamo wangu ni huu: gari lisilo na daftari la servisi lihesabu kuwa halijawahi kuguswa. Neno la muuzaji si daftari. Anza na kinachoweza kukuua wewe, kisha kinachoweza kuua injini, kisha vile vinavyolika polepole. Rimu pana, bampa la chuma na taa za juu ya paa zitasubiri. Nimeona hardtop zenye winchi mpya kabisa na breki za kusali.

Andaa hivi kwanza

- Sehemu ngumu na tambarare, sakafu ya zege ikiwezekana. Mchanga na jeki havipatani.
- Jeki imara, stendi za chuma zisizopungua mbili, na magogo ya kuzuia magurudumu.
- Seti ya spana na soketi, pamoja na spana namba 24 kwa boliti za oili za chini na soketi ya milimita 54 kwa nati za hubu (vitovu vya magurudumu) za mbele. Hiyo ya 54 tafuta mapema, kwa sababu mafundi wengi hawana, nao huzigonga nati hizo kwa patasi.
- Spana ya kupimia mkazo, ya kuazima au ya kukodi.
- Bomba la grisi, beseni pana, faneli yenye mpira mrefu, matambara mengi, brashi ya waya.
- Oili ya injini 15W-40 ya daraja la CI-4. Nunua lita 10 na uwe na ya akiba kidogo.
- Oili ya gia, kulanti, maji yaliyosafishwa ya kuchanganyia, na mafuta ya breki kwenye chupa ambayo haijafunguliwa.
- Filta ya oili, filta ya dizeli, filta ya hewa, taiming belti na beringi yake, fenbelti, themostati na mfuniko wa rejeta.

Ukienda dukani, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, beba namba ya chesisi iliyo kwenye kibati cha gari. Spea za HZJ75 na HZJ78 zinafanana kwa macho tu. Na usitumie pesa yote kwenye spea za orodha hii, maana ukifungua gari la umri huu utakuta mengine.

Kazi yenyewe

1. Osha chini, kisha tazama. Toa matope yote kwenye chesisi, ekseli na tumbo la injini, ila usielekeze maji ya presha kwenye altaneta wala stata. Endesha siku moja, kisha lala chini na tochi. Gari likiwa safi, kila uvujaji unajionyesha ulipoanzia. Piga picha kila sehemu, zitakusaidia baadaye. Kagua pia chesisi yenyewe karibu na vishikio vya springi na boksi la usukani. Nyufa na kutu ya kutoboa ni habari mbaya kuliko injini iliyochoka, kwa sababu injini inabadilishwa.

2. Breki na usukani. Usiendeshe mbali kabla ya hatua hii. Toa magurudumu yote manne. Angalia unene wa pedi, hali ya disiki, na kama nyuma ni drami zifungue: silinda ndogo ya ndani ikiwa imelowa, ibadilishe pamoja na ya upande wa pili. Pindisha mipira ya breki kwa mkono, na wenye nyufa utupe.

Mafuta ya breki badilisha yote. Hunyonya unyevu wa hewani hata gari likiwa limeegeshwa, na yakishakuwa na maji huchemka kwenye mteremko mrefu, pedali ikaenda hadi chini. Aina ipo kwenye mfuniko wa chombo chake, kwa magari haya kwa kawaida ni DOT 3. Toa hewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na mastasilinda (pampu kuu ya breki), malizia na lililo karibu. Kama gari lako lina ile valvu ya mzigo juu ya ekseli ya nyuma, inayopunguza au kuongeza breki za nyuma kulingana na mzigo, nayo itolee hewa. Hapo ndipo wengi wanaposahau, kisha wanailaumu mastasilinda. Mafuta ya klachi badilisha siku hiyohiyo.

Kwa usukani, mtu mmoja autikise kushoto na kulia injini ikiwa inanguruma, wewe uwe chini umeshika ncha za tai-rodi mojamoja. Yenye mchezo utaihisi kwenye vidole kabla hujaiona.

3. Mfumo wa maji. Injini ya 1HZ ni ngumu, lakini haivumilii joto kali. Ikichemka, silinda hedi hupasuka nyufa, na hapo hesabu inabadilika kabisa. Injini ikiwa baridi, na narudia, baridi, fungua rejeta na umwage maji yote, pamoja na ya kwenye bloku. Yakitoka ya kahawia yenye kutu, suuza kwa maji safi mpaka yatoke meupe.

Sasa chungulia ilipo themostati. Kuna uwezekano mkubwa utakuta nafasi tupu. Baadhi ya mafundi wetu huitoa wakidai "nchi yetu ni ya joto". Bila themostati injini inachelewa kufikia joto lake, inakula dizeli zaidi na silinda zinalika haraka, na ugonjwa uliosababisha joto bado upo palepale. Weka mpya. Badilisha mfuniko wa rejeta na mipira iliyovimba au iliyolainika. Jaza kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, wala si ya bomba na wala si ya kisima, kwa sababu chumvi yake hugeuka magamba ndani ya rejeta.

Feni nayo: ina kichwa chenye silikoni ndani. Injini ikiwa imezimwa na ni ya moto, izungushe kwa mkono. Ikijizungukia huru bila ukinzani wowote, kichwa kimekufa.

4. Taiming belti. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na dashibodi ina taa ya T-BELT inayowaka ukifika hapo. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa hiyo inatakiwa iwake pamoja na nyingine. Isipowaka, kuna mtu aliamua kuinyamazisha kwa kuchomoa balbu. Ikiwaka na kuzima, bado haikuthibitishii kitu, maana inaweza kurudishwa sifuri bila belti kuguswa. Kwa hiyo badilisha tu. Ikikatika ukiwa njiani, pistoni na valvu zinakutana.

Habari njema ni kwamba kwenye 1HZ kazi hii ni rahisi. Belti ni fupi, inaunganisha puli ya pampu ya dizeli na puli ya kamshafti, wala huhitaji kufungua puli ya krenkshafti. Weka alama zote zikae sawa kabla ya kutoa belti ya zamani. Badilisha beringi ya kukazia na springi yake, na ukikuta oili nyuma ya puli, badilisha sili sasa hivi, kwa sababu oili hula belti mpya. Ukishafunga, zungusha krenkshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, uone alama zimerudi mahali pake. Usijaribu kwa stata. Stata haisikii valvu ikigonga pistoni, mkono wako unasikia.

Wakati uko hapo, fundi mwenye fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) apime nafasi za valvu injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa moshi 0.35 hadi 0.45. Hurekebishwa kwa kubadilisha shimu (vibati vya unene tofauti), kwa hiyo mtafute aliyewahi kuifanya.

5. Oili ya injini. Hii unaijua. Pasha injini, mwaga, badilisha filta, jaza hadi alama ya juu ya dipstiki. Ila mambo mawili. Ukiambiwa injini "ioshwe" kwa dizeli au mafuta ya taa, kataa: uchafu wa miaka unabanduka kwa mkupuo na kwenda kuziba njia za oili. Badala yake, oili hii ya kwanza itumie kilomita 1,500 tu, kisha ibadilishe tena, itakuwa imeosha taratibu. Baada ya hapo, kwa vumbi la barabara zetu, kila kilomita 5,000.

6. Njia ya hewa. Vumbi limeua 1HZ nyingi kuliko kilomita. Fungua mpira unaotoka kwenye boksi la filta kwenda injini, upanguse ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi, kuna hewa inayopita bila kuchujwa. Tafuta kibano kilicholegea, mpira uliopasuka, au filta isiyobana. Mkonga nao, lile bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa, kagua maungio yake yote hadi kwenye bodi. Kuna mikonga ya urembo ambayo haijafungwa chochote kuzuia maji, na mwenye gari huijua siku anapovuka mto. Filta mpya weka, na ile tabia ya kuipigapiga kwenye tairi iache, inatoboa karatasi.

7. Dizeli. Mwaga maji yaliyokaa chini ya filta, badilisha filta, kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake mpaka iwe ngumu. Kama tanki halijulikani historia yake, lifungue chini umwage: maji na tope hukaa pale. Nozeli zipeleke kwa fundi pampu azipime, usikubali kubadilishiwa kabla ya kipimo.

8. Giaboksi, transfa (boksi la 4x4 lililo nyuma ya giaboksi) na difu mbili. Sheria ya kwanza, na ukisahau yote kumbuka hii: *fungua boliti ya kujazia kabla ya boliti ya kumwagia*. Ukimwaga kwanza kisha ya kujazia ikakataa kufunguka, gari limekufa pale lilipo.

Mwaga kila moja kwenye chombo chake uitazame. Unga mwembamba wa chuma kwenye sumaku ya boliti ni kawaida. Vipande unavyoweza kushika kwa vidole si kawaida. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa maji, na mara nyingi kosa ni la kile kipumulio kidogo juu ya ekseli: kikiziba, difu ya moto ikiingia mtoni inapoa ghafla na kunyonya maji kupitia kwenye sili. Kisafishe, au uongeze mpira ukipandishe juu.

Difu hutumia oili ya gia ya GL-5, na kama ya nyuma ina kibandiko cha LSD (difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure) inataka oili yake maalumu. Kwa giaboksi mimi huweka GL-4 ya 75W-90, kwa sababu baadhi ya GL-5 haziipendi shaba ya ndani. Jaza mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limesimama sawasawa.

Pima pia kiasi kilichotoka giaboksi na kilichotoka transfa. Giaboksi ikitoa pungufu na transfa ikatoa kupita kiasi, sili iliyo kati yake imekufa na oili inahama. Ni ugonjwa unaojulikana wa Land Cruiser za zamani. Gari halivuji hata tone chini, na giaboksi inaungua kimyakimya.

9. Ekseli ya mbele. Hapa ndipo servisi nyingi za mtaani huishia njiani, na ndipo pesa yako itakapookolewa. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna tufe la chuma, na ndani yake joiti inayoogelea kwenye grisi. Sili ya ndani ikichoka, oili ya difu huingia, huyeyusha grisi, na mchanganyiko mweusi huanza kutambaa kwenye tufe na upande wa ndani wa tairi. Ukiona hivyo, usiongeze grisi kwa juu tu. Fungua.

Kwanza pima. Inua gurudumu, liweke stendi, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingpini, za juu na chini ya tufe.

Kufungua ni kazi ya siku nzima kwa upande mmoja kama ni mara yako ya kwanza. Hubu, nati za 54, breki, kisha tufe. Osha kila kitu, kagua joiti kama ina mifereji, weka sili mpya, beringi mpya za kingpini, na pakia grisi ya lithiamu yenye molibdeni. Zile shimu nyembamba chini ya vifuniko vya kingpini usizichanganye: ya juu ibaki juu, ya chini chini, ya kushoto kushoto. Kwa nati ya hubu, kaza huku unazungusha gurudumu ili beringi zikae, legeza, kaza tena kidogo hadi mchezo uishe lakini gurudumu lizunguke laini, kisha kunja kibati cha kufungia. Kibati hicho usikirudie cha zamani.

Ukimaliza jaribu loki za hubu (zinazounganisha magurudumu ya mbele na ekseli) na 4x4, lakini kwenye udongo. Hardtop hizi hazina difu ya katikati, na ukikaza 4x4 kwenye lami kavu unazipinda shafti.

10. Grisi kila chuchu, yaani kila tundu dogo la kuingizia grisi. Krosi za propela shafti, shafti zenyewe, na kwenye HZJ75 pini za springi. Futa chuchu kwanza, la sivyo unasukuma mchanga ndani. Kwenye krosi piga mpaka grisi mpya itokee pembeni. Kwenye sehemu inayoteleza ya shafti piga kidogo tu, ikijaa shafti inakosa pa kurudi na inasukuma beringi.

11. Umeme. Safisha vichwa vya betri na waya wa ardhi unaoingia kwenye injini na bodi. Ng'oa nyaya zote za redio na taa zilizounganishwa bila fyuzi.

12. Endesha kilomita 100, kisha rudi chini ya gari. Kaza tena nati za magurudumu, yuboliti za springi na boliti za propela. Gusa hubu kwa mgongo wa mkono: iliyo moto kuliko mwenzake imekazwa kupita kiasi. Andika tarehe na kilomita za kila ulichofanya kwenye daftari, lianze leo.

Mambo yakienda kombo

*Injini haiwaki baada ya kubadilisha filta ya dizeli.* Ni hewa. Bonyeza pampu ya mkono hadi iwe ngumu, legeza nati za mabomba kwenye nozeli, piga stata mpaka dizeli itoke, kaza. Pumzisha stata katikati, isiungue.

*Asubuhi inawaka kwa shida na moshi mweupe, mchana iko sawa.* Pima plagi za joto mojamoja, na uone kama umeme unazifikia. Zote zikiwa nzima, uliza taiming ya pampu na kompresheni.

*Moshi mweusi mlimani.* Anza na filta ya hewa, kisha nozeli. Mara nyingi pia kuna fundi aliyefungulia skrubu ya pampu ili gari "liwe na nguvu".

*Moshi wa bluu, na oili inapungua.* Inaunguzwa ndani. Fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inanguruma: pumzi hafifu ni kawaida, upepo wa kusukuma kiganja ni ringi zilizochoka.

*Joto linapanda kwenye mlima mkali kama Kitonga lakini tambarare liko sawa.* Kichwa cha feni, au rejeta iliyoziba ndani, au ile bamba ya plastiki inayozunguka feni imetupwa. Ikiwa maji yanapungua bila kuvuja na mipira inakuwa migumu mara tu unapowasha, acha kuendesha, hiyo ni gasketi au hedi.

*Usukani unatetemeka vibaya kwenye kilomita 60 hadi 80 kwa saa.* Balansi ya tairi kwanza kwa kuwa ni rahisi, kisha tai-rodi, kisha beringi za kingpini. Shokapu ya usukani badilisha mwishoni. Ukianza nayo unaficha ugonjwa tu.

*Pedali ya breki ni laini baada ya kutoa hewa.* Rudi kwenye ile valvu ya mzigo. Kama umeshaitoa hewa, rekebisha brekishuu za nyuma. Zikikaa mbali na drami, pedali husafiri sana hata kama hakuna hewa.

*Mlio wa kuvuma unaoongezeka na mwendo.* Ukibadilika unapokata kona, ni beringi ya gurudumu. Ukibadilika unapoachia mafuta, ni difu. Ukikuta ni difu na ile oili ilitoka na vipande, tafuta difu kamili iliyotumika yenye uwiano uleule wa meno na ya ekseli nyingine, kwa sababu zikitofautiana 4x4 haitafaa kutumika tena.